Chuo cha Taifa, Kikokotoo cha Washington

Msomaji wa Tanzania akiona herufi TCU atawaza Tume ya Vyuo Vikuu. Marekani herufi hizohizo (Tribal Colleges and Universities) ni za vyuo vingine kabisa: vyuo zaidi ya 30 vinavyomilikiwa na kuendeshwa na mataifa ya wenyeji wa asili, kama Wanavajo, Walakota, Blackfeet na Ojibwe. Vingi viko mbali na miji, kwenye nyanda za Montana na Dakota mbili, au katika nchi kame ya Arizona na New Mexico. Kimoja, Iḷisaġvik, kiko Utqiaġvik, mji ulio karibu na ncha ya kaskazini kabisa ya Alaska. Tegemeo kuu la uendeshaji wa vyuo hivi ni fedha za serikali ya shirikisho, zinazotolewa kwa sheria ya mwaka 1978. Sheria hiyo inasifiwa, na inastahili sifa. Lakini ukiisoma sambamba na kikokotoo chake, ndipo unapoelewa kwa nini chuo kinaweza kuwa na mamlaka kamili juu ya kinachofundishwa, na bado kikakosa fedha za kuziba paa linalovuja.

Kwanza neno moja linalotusumbua sisi tunaotumia Kiswahili. Kiingereza cha sheria hiyo kina neno, tribe, ambalo kamusi zetu hulifasiri "kabila". Kwetu kabila ni asili na lugha ya mtu. Msukuma ni Msukuma hata akizaliwa Muscat, na hakuna ofisi inayompa kadi ya Usukuma. Kwa sheria ya Marekani, neno hilo ni jina la serikali: ina daftari la wanachama, baraza, aghalabu mahakama, na mara nyingi mkataba ambao wakubwa wake walitiliana saini na Washington. Serikali za namna hiyo zinazotambuliwa rasmi ni zaidi ya 570. Hapa tutaziita mataifa, kama wengi wao wanavyojiita. Tofauti hii ina bei: fedha tutakazozieleza hutolewa kwa sababu serikali moja ina wajibu kwa serikali nyingine, wala hazitolewi kwa rangi ya mtu au umaskini wake. Ndiyo maana swali la nani mwanachama na nani si mwanachama litarudi tena na tena.

Mahali sheria ilipotoka

Mkataba wa Wanavajo wa mwaka 1868 uliahidi nyumba ya shule na mwalimu mmoja kwa kila watoto 30. Kumbe hesabu ya vichwa ni ya siku nyingi. Mwalimu aliyekuja, hata hivyo, alikuja na mtaala wa kumfuta mtoto. Shule ya bweni ya Carlisle huko Pennsylvania ilifunguliwa mwaka 1879 chini ya Richard Henry Pratt. Watoto walinyolewa nywele, wakabadilishwa majina, wakakatazwa lugha zao. Chifu wa Walakota aliyejulikana kwa Kiingereza kama Spotted Tail alipeleka watoto wake, akaenda kuwatembelea mwaka 1880, akaona walivyo, akawachukua akarudi nao nyumbani. Jina lake la Kilakota ni Sinte Gleska. Leo ndilo jina la chuo kikuu cha taifa lake, kilichoanzishwa mwaka 1971 katika ardhi ya Rosebud, Dakota Kusini.

Chuo cha kwanza cha aina hii ni cha Wanavajo. Baraza la taifa lilitoa hati ya kukianzisha mwaka 1968, na masomo yakaanza Januari 1969 katika majengo ya kuazima ya shule ya sekondari ya Many Farms, Arizona. Mwaka 1971 Bunge la Marekani likakitungia sheria yake peke yake. Kikahamia Tsaile mwaka 1973, na tangu 1997 kinaitwa Diné College, kwa jina ambalo Wanavajo hujiita.

Upepo wa siasa ulikuwa umegeuka. Mwaka 1970 Rais Richard Nixon aliliambia Bunge kwamba sera ya kuyavunja mataifa imeshindwa na kwamba mataifa yaamue mambo yao yenyewe. Mwaka 1975 ikapita sheria inayoruhusu mataifa kuchukua na kuendesha huduma zilizokuwa zikiendeshwa na maofisa wa Washington. Mwaka 1973 vyuo sita vilikuwa vimeungana kuunda chama chao, AIHEC, hasa kwa ajili ya kushawishi Bunge. Zao la kazi hiyo ndilo sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter tarehe 17 Oktoba 1978, ikiahidi dola 4,000 kwa kila mwanafunzi mwenyeji wa muda wote. Kiwango kilipandishwa kwa awamu, kikafika 6,000, na mwaka 2008 kikawekwa 8,000 pamoja na agizo kwamba kiongezwe kila mwaka kufuata mfumuko wa bei.

Chuo kinaingiaje kwenye sheria

Kinachofanya chuo kiwe cha taifa ni hati. Baraza la taifa ndilo linaloipitisha, kama serikali yoyote inavyounda taasisi yake, na chuo hakihitaji ruhusa ya jimbo ili kizaliwe. Sheria inaweka masharti machache juu ya hapo. Bodi lazima iwe na wenyeji walio wengi. Chuo kiwe na falsafa au mpango ulioandikwa unaoonyesha kwamba kazi yake ni mahitaji ya wenyeji. Kikishapita mwaka mmoja tangu kianze kazi, zaidi ya nusu ya wanafunzi wawe wenyeji. Na kiwe na ithibati ya chombo kinachotambulika kitaifa, au kionyeshe kwamba kinapiga hatua kuifikia.

Kuna sharti jingine ambalo watu hulipita haraka: taifa moja, chuo kimoja. Taifa la Wanavajo lina watu wengi na ardhi iliyoenea majimbo matatu, nalo lina vyuo viwili, Diné College na Navajo Technical University cha Crownpoint, New Mexico. Hicho cha pili hakikuweza kupita mlango wa kawaida. Pamoja na United Tribes Technical College cha Bismarck, Dakota Kaskazini, kililazimika kutengewa sehemu maalumu ya sheria, na sehemu hiyo ina fungu lake la kugombaniwa kila mwaka. Diné College nacho kina sehemu yake, ile iliyotokana na sheria ya 1971. Kwa hiyo ukisikia mtu anazungumzia "fedha za vyuo vya wenyeji" kana kwamba ni mfuko mmoja, muulize ni sehemu ipi ya sheria.

Usichanganye pia na Haskell cha Kansas au SIPI cha Albuquerque. Wanafunzi wake ni wenyeji, lakini vyuo hivyo ni vya serikali ya shirikisho yenyewe. Walimu wake ni watumishi wa Washington.

Kwa upande wa ithibati, ugumu mkubwa hauko kwenye mtaala. Wakaguzi wamezoea kusoma mitaala ya Kilakota au ya Kinavajo. Ugumu ni mwalimu. Mtu anayeijua lugha kwa undani, na nyimbo, na mimea, na sheria za ukoo, ni mzee wa miaka 75 asiye na shahada hata moja, ilhali kanuni za jumla zinataka mwalimu awe na shahada inayozidi kiwango anachofundisha. Njia inayotumika ni kanuni ya uzoefu uliothibitishwa: chuo kinaandika sera inayosema ujuzi wa mzee unapimwaje, nani anauthibitisha (kwa kawaida jopo la wazee wenzake au idara ya utamaduni ya taifa), na karatasi hizo zinawekwa kwenye jalada lake. Chuo kinachomwajiri mzee kwa kuaminiana tu, bila jalada, ndicho kinachonaswa ukaguzi unapofika. Na ithibati ikiondoka, misaada ya shirikisho huondoka nayo. D-Q University, karibu na Davis, California, ilipoteza ithibati mwaka 2005 na haikuinuka tena.

Kikokotoo

Hapa ndipo penye kazi. Fedha za uendeshaji hupitia Ofisi ya Elimu ya Wenyeji, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. (Marekani wizara ya jina hilo haihusiki na polisi, inashika ardhi ya umma, mbuga na mambo ya mataifa ya wenyeji.) Ofisi haiulizi chuo kina gharama gani. Inauliza kina vichwa vingapi, na kichwa hapa ni neno la kitaalamu.

Unachukua krediti (vizio vya kupima uzito wa somo) zote ambazo wanafunzi wenyeji wamejiandikisha hadi mwisho wa wiki ya tatu ya muhula. Unazijumlisha, unagawanya kwa 12. Jibu ndilo hesabu ya wanafunzi wenyeji. Krediti za muhula wa kiangazi huingizwa kwenye hesabu ya muhula wa vuli unaofuata. Mwanafunzi mwenye krediti 12 ni kichwa kimoja; mama wa watoto watatu anayesoma jioni somo moja la krediti 3 ni robo ya kichwa, ingawa anahitaji dawati zima, mshauri mzima, na mara nyingi nafasi kwenye basi la chuo.

Mwenyeji ni nani? Sheria inamtambua mwanachama wa taifa linalotambuliwa na Washington, au mtoto wa kumzaa wa mwanachama huyo, awe mzazi yuko hai au amefariki. Basi. Uanachama wenyewe unaamuliwa na kila taifa, na mengi yanatumia kipimo cha damu, yaani sehemu ya asili ya mtu inayotoka kwa mababu wa taifa, mathalani robo. Fuata familia moja vizazi vinne uone. Bibi ni mwanachama. Binti yake, aliyemzaa na mtu wa nje, ana robo kamili, naye ni mwanachama. Mtoto wa binti huyo, baba akiwa wa nje tena, hatimizi robo, lakini anahesabika kwa kuwa mama yake ni mwanachama. Mtoto wake yeye hahesabiki. Anaweza kuwa amekulia kwenye ardhi hiyohiyo, anaongea lugha kuliko wenzake, lakini kwa kikokotoo hayupo. Mtoto aliyeasiliwa naye hayupo, kwa sababu sheria inasema wa kumzaa.

Kwa msajili wa chuo, yote haya ni karatasi. Kwa kila mwanafunzi anayedaiwa kuwa kichwa, jalada liwe na kadi ya uanachama au barua ya ofisi ya uandikishaji ya taifa lake. Kama mwanachama ni mzazi, kinatakiwa cheti cha kuzaliwa chenye jina la mzazi, pamoja na uthibitisho wa uanachama wa mzazi huyo. Cheti kinachoonyesha kiasi cha damu ya asili hakitoshi peke yake, kwani mtu anaweza kuwa na damu na asiwe mwanachama wa taifa lolote. Makosa yanayojirudia ni ya kawaida sana: kadi iliyochakaa isiyosomeka namba, majina mawili tofauti kati ya cheti na kadi kwa sababu ya ndoa, mwanafunzi wa taifa la jimbo la mbali ambaye ofisi yao inachukua wiki sita kujibu. Kila jalada lisilokamilika likikaguliwa linakatwa, na chuo kinadaiwa kile kilichokwishatumika. Ofisi ya usajili yenye akili huanza kukusanya kadi siku mwanafunzi anapoomba nafasi, haingoji wiki ya tatu.

Zipo pia kazi zisizohesabika kabisa. Masomo ya mtu mzima anayetafuta cheti cha kulingana na sekondari hayaingii kwenye hesabu, ingawa katika maeneo haya ndiyo mlango wa wengi kuingia chuoni. Darasa la lugha kwa watoto wadogo, maktaba ambayo ndiyo maktaba pekee ya wilaya nzima, mafunzo ya wazee kwa kijiji: havina krediti, havina kichwa, havina dola.

Tuhesabu chuo cha mfano, ambacho hakipo. Kina wanafunzi 400, kati yao 320 ni wenyeji kwa tafsiri ya sheria. Wengi wanafanya kazi, kwa hiyo wastani ni krediti 9. Mara 320, unapata krediti 2,880; gawanya kwa 12, vichwa 240. Wale 80 waliobaki, yaani majirani wazungu, wajukuu wasio na kadi, wake na waume wa wanachama, wanasoma krediti 720. Wangekuwa vichwa 60. Kwa Washington ni sifuri. Chuo kilichoandikisha watu 400 kinalipwa kwa 240.

Ilichoahidi sheria, kilichotoka

Yeyote anayefuatilia bajeti zetu anajua umbali kati ya fedha zilizopitishwa na fedha zilizofika halmashauri. Marekani umbali huo una ngazi moja zaidi. Sheria ya 1978 inaweka kiwango kinachoruhusiwa. Kiwango si fedha. Kila mwaka kamati za bajeti za Bunge hutenga kiasi fulani katika muswada mwingine, na hazilazimiki kukifikia kile kiwango. Fungu likiwa dogo, sheria yenyewe inasema chuo kipunguziwe kwa uwiano.

Dola 8,000 za mwaka 2008, ukizipandisha kwa mfumuko wa bei, zinavuka 11,000 kufikia 2024. Kwa takwimu za AIHEC, kilichotolewa kwa kichwa tangu 2010 kiliwahi kushuka hadi 5,235, na mwaka 2024 kilikuwa pungufu kidogo ya 8,700. Rudi kwenye chuo chetu cha mfano. Vichwa 240 kwa 8,700 ni dola 2,088,000. Kwa takriban 11,600, ambacho ndicho kiwango cha 2008 kilichopandishwa, ingekuwa 2,784,000. Pengo ni karibu dola 700,000 kila mwaka kwa chuo kidogo kimoja, na hapo hatujawagusa wale 80.

Kikokotoo kina tabia nyingine mbaya. Fungu likishatengwa ni sinia moja. Vyuo vikifanikiwa kuongeza wanafunzi, au chuo kipya kikiingia, kila mlaji anamegewa kidogo zaidi, hadi Bunge liongeze wali. Wanafunzi wakipungua, kama ilivyotokea wakati wa korona, chuo kinapoteza fedha mwaka unaofuata huku umeme, paa na mishahara vikibaki palepale. Kukua kunakuumiza, kupungua kunakuumiza. Sioni namna ya kuiita hiyo sera ya kukuza vyuo.

Kwa nini wasitafute kwingine

Swali la haki. Chuo cha jamii cha kawaida Marekani kinasimama kwa miguu mitatu: ada, ruzuku ya jimbo, na kodi ya majengo na viwanja ya wilaya yake. Mguu wa tatu hapa umekatwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya mataifa iko chini ya amana: hatimiliki inashikwa na serikali ya shirikisho kwa niaba ya taifa, na ardhi hiyo haitozwi kodi ya jimbo wala ya wilaya. Ardhi ya amana haiwekwi rehani kwa urahisi pia, hivyo benki haina cha kushika chuo kinapotaka mkopo wa kujenga bweni.

Mguu wa jimbo ni wa hiari. Majimbo hayana wajibu kwa vyuo hivi, na mengi hayatoi chochote kwa uendeshaji. Montana na Dakota Kaskazini zimepitisha sheria za kurejesha sehemu ya gharama za wanafunzi wasio wenyeji, na hoja iliyowashawishi wabunge wa huko ni nyepesi: mkazi wa Montana asiye mwenyeji angesoma chuo cha jimbo, jimbo lingemlipia, akisoma chuo cha taifa kwa sababu ndicho kilicho karibu, kwa nini jimbo lisilipe? Majimbo mengi mengine hayajaiona hoja hiyo.

Ada nayo haipandi. Wanafunzi wengi wanaishi kwa ruzuku ya shirikisho inayotolewa kwa familia za kipato cha chini, na vyuo vingi vimeamua kutojiunga kabisa na mikopo ya wanafunzi ya serikali, ili kijana asitoke na deni. Uamuzi wa busara kwa mwanafunzi, lakini unakifungia chuo dirisha.

Majengo yamekuwa yatima wa sheria. Kifungu cha ujenzi kipo tangu zamani. Bunge halikukitia fedha za maana kwa miaka mingi. Mwaka 2021 ndipo zilipoanza kutengwa dola milioni 15 kwa mwaka kwa ukarabati, kwa vyuo vyote, wakati mahitaji yaliyokusanywa na vyuo vyenyewe yalipita nusu bilioni. Gawa mwenyewe uone foleni ya paa lako ni ya miaka mingapi.

Mifuko mingine

Kwa kuwa mfuko mkuu hautoshi, vyuo vinaishi kwa vipande. Wizara ya Elimu ina ruzuku ya kuimarisha vyuo hivi, na sheria iliyotiwa saini Desemba 2019 iliifanya sehemu yake moja kuwa ya kudumu: dola milioni 255 kila mwaka kwa vyuo vinavyohudumia makundi yaliyobaguliwa, kati yake milioni 30 kwa vyuo vya mataifa ya wenyeji. Hiyo haisubiri kura ya bajeti ya kila mwaka, na kwa mhasibu wa chuo hilo lina uzito kuliko ukubwa wa namba.

Mfuko wa 1994 una historia chungu zaidi. Mwaka 1862 Washington ilianza kuyapa majimbo ardhi ili yauze na kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi. Zaidi ya ekari milioni 10 ziligawiwa, na ardhi hiyo ilikuwa imetoka mikononi mwa wenyeji, kwa mikataba ya kulazimishwa au bila mkataba. Miaka 132 baadaye vyuo 29 vya mataifa viliingizwa katika familia hiyo ya vyuo vya ardhi. Ardhi havikupewa. Viliwekewa wakfu: sheria iliruhusu Hazina iweke dola milioni 4.6 kwa mwaka kwa miaka mitano. Mtu wa pwani haelezwi wakfu ni nini. Nyumba haiuzwi, kodi yake ndiyo inayokarabati msikiti. Hapa vilevile mtaji hauguswi. Mapato yake ya mwaka hugawanywa mafungu mawili, asilimia 40 kwa vyuo vyote sawasawa na asilimia 60 kwa kufuata hesabu ya vichwa. Lile fungu la kugawana sawasawa ndilo linalowaokoa wadogo, kwa sababu chuo cha vichwa 80 nacho kina msajili, mhasibu na maktaba kama cha vichwa 800. Ajabu ni kwamba waliotunga sheria ya 1994 waliliona hilo, na kikokotoo kikuu hakijarekebishwa kulifuata.

Maagizo ya rais nayo yapo. Bill Clinton alitoa la vyuo hivi mwaka 1996, George W. Bush 2002, Barack Obama 2011, Joe Biden 2021. Yanaagiza wizara zipange mipango na kuteua maofisa wa kufuatilia. Hayaleti dola, na rais ajaye anaweza kuyafuta kwa kalamu. La Biden lilifutwa mwanzoni mwa 2025.

Tarehe

Mwaka wa fedha wa Marekani unaanza tarehe 1 Oktoba, masomo yanaanza Agosti. Zamani chuo kilifungua muhula bila kujua kitapata kiasi gani, na Bunge likichelewa kupitisha bajeti, kama lilivyozoea, malipo yalisogea hadi katikati ya mwaka wa masomo. Wakuu wa vyuo walikopa kwa riba ili kulipa mishahara, na riba ililipwa kwa fedha za kufundishia. Mwaka 2010 utaratibu ukabadilishwa: fedha za mwaka wa masomo hutengwa katika bajeti ya mwaka uliotangulia na kufunguliwa tarehe 1 Julai. Gharama ya mabadiliko hayo ilikuwa ya mara moja, kuziba miezi iliyorukwa. Faida yake inaonekana kila serikali ya shirikisho inapofungwa kwa mgogoro wa bajeti: vyuo vilivyo kwenye utaratibu huu huendelea kufundisha. Ukiniuliza ni badiliko gani la sera lililowasaidia zaidi kwa fedha kidogo zaidi, nitataja hili.

Lakini linalinda dhidi ya kuchelewa, halilindi dhidi ya kukatwa. Katikati ya 2025, pendekezo la bajeti ya rais kwa mwaka 2026 lilitaka fungu la elimu ya juu la Ofisi ya Elimu ya Wenyeji lishushwe kutoka zaidi ya dola milioni 182 hadi milioni 22 na kidogo. Miezi michache baadaye Wizara ya Elimu ikatangaza nyongeza kubwa, ya mara moja, kwa vyuo vya Wamarekani weusi na vya mataifa ya wenyeji. Mkono mmoja unataka kuchukua mshahara, mwingine unaleta zawadi. Pendekezo la rais si sheria, mwenye kutenga ni Bunge. Hata hivyo mkuu wa chuo anayepaswa kusaini mikataba ya walimu mwezi Mei hawezi kuandika "tutaona" kwenye mkataba.

Na darasani

Diné College imepanga kazi yake kwa hatua nne za fikra ya Kinavajo: Nitsáhákees, kuwaza; Nahat'á, kupanga; Iiná, kuishi; Siihasin, kupata uhakika kwa kutazama kilichofanyika. Kila hatua ina upande wake wa dunia, kuanzia mashariki. Kampasi ya Tsaile imepangwa kwa duara, na lango lake linatazama mashariki kama mlango wa hogani, nyumba ya asili ya Wanavajo. Mtaala unafuata mzunguko huo, na ripoti za kujitathmini zinazokwenda kwa wakaguzi wa ithibati huandikwa kwa mzunguko huohuo, zikifasiriwa kwa lugha ya viashiria. Hilo halikuhitaji ruhusa ya jimbo la Arizona.

Washington inaingia darasani kwa wembamba sana, ijumaa moja katika kila muhula. Wiki ya tatu inaisha, msajili anafunga orodha. Mwanafunzi aliyechelewa kwa sababu barabara ya udongo ilikatika kwa mvua, akaja jumatatu ya wiki ya nne, atakaribishwa, atafundishwa na kufanya mitihani. Krediti zake hazitaingia kwenye 2,880.